Hotspot ya kuomba na bando la mwenzako
Ukiunganishwa hotspot, simu yako huichukulia kama Wi-Fi. WhatsApp isipobadilishwa mipangilio, kwenye Wi-Fi hupakua yenyewe picha, sauti, video na nyaraka zote zilizorundikana magrupuni. Bando la MB 500 linaweza kuisha hujajibu hata ujumbe mmoja, na aliyekusaidia atadhani ulikuwa YouTube.

Fungua Mipangilio ya WhatsApp, ingia sehemu ya hifadhi na data, tafuta upakuaji wa otomatiki. Wengi huzima upande wa data ya simu wakaishia hapo. Gusa pia ule wa Wi-Fi, uondoe tiki zote nne. Ujumbe wa sauti utaendelea kujipakua, huo hauzuiliki, lakini ni mwepesi. Vingine utagusa kimoja kimoja unachokitaka.