Kukalibreti multimita: andika kwanza, skurubu baadaye

Multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, ikianza kudanganya haikwambii. Inawaka vizuri tu, namba zinatoka, kumbe imeshahama kidogo kidogo maana rezista zake za ndani na ile volti yake ya rejea (inayotumia kulinganishia inapopima) zinabadilika kadiri miaka inavyoenda. Ndo maana tunaikalibreti, yaani tunalinganisha namba zake na volti tunayoijua kwa uhakika, kila baada ya muda, wengi huanza na mwaka 1. Hapa naelezea volti za DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri.

Hatua ya 1: betri ikichoka badilisha, maana betri dhaifu peke yake inaweza kukupa namba za uongo. Kagua waya. Afu washa mita pamoja na chanzo chako cha rejea (kifaa kinachotoa volti inayojulikana kwa uhakika) vikae chumba kimoja kama nusu saa, joto liwe karibu na nyuzi 23, manuali nyingi zinahesabu usahihi kwenye 23 jumlisha au toa 5.

Hatua ya 2: jua mita inaruhusiwa kukosea kiasi gani. Tuseme manuali inasema 0.5% ya kipimo jumlisha digiti 2, na wewe uko renji ya volti 20 ambayo digiti ya mwisho ni 0.01. Ukiipa volti 10, asilimia inakupa 0.05, digiti mbili 0.02, jumla 0.07. Kwa hiyo chochote kati ya 9.93 na 10.07 ni sawa. Chanzo cha rejea kiwe bora angalau mara 4, yaani kisikosee zaidi ya 0.0175, na chenyewe kiwe na cheti ambacho hakijapitwa na muda. Mita ya jirani yako sio rejea hata kama ni mpya.

Hatua ya 3, na hii naomba usiiruke: pima kabla hujagusa chochote. Volti 2, 10, 18, afu geuza waya upate hasi, andika kila namba kama ilivyo hata kama ni mbaya. Watu wanakimbilia skurubu ya marekebisho wakidhani kukalibreti ndo kurekebisha, hapana, kukalibreti ni kulinganisha na kuandika. Mimi niliwahi kurekebisha bila kuandika, nikabaki sijui kazi zipi za nyuma nilizipima vibaya, iliniuma sana.

Hatua ya 4: imetoka nje ya mipaka? Rekebisha kwa kufuata manuali, afu pima pointi zilezile tena na uandike safu ya pili. Iko ndani? Iache.

Hatua ya 5: bandika stika ya tarehe, afu linganisha na rekodi ya mwaka jana. Ikiwa kila mara inahama kidogo sana unaweza kurefusha muda, ila ukiikuta nje fupisha iwe miezi 6 na urudie kazi ulizopima tangu kalibresheni iliyopita. Ikidondoka au ikifunguliwa kutengenezwa, usisubiri tarehe ya stika, ikalibreti kabla ya kuitumia tena.