Somo: Kulinda Wi-Fi ya nyumbani au ofisini, pamoja na ule mlango unaosahaulika

Wakuu, habari zenu. Juzi niliitwa ofisi moja ndogo, intaneti yao inasuasua. Nikafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa: 23. Wafanyakazi 6. Nywila ya Wi-Fi wameshaibadilisha mara mbili, ila ya kuingilia kwenye ruta yenyewe (kile kifaa kinachorusha Wi-Fi) bado ni ileile: jina admin, nywila admin. Mtu mmoja akishaunganishwa anaingia humo, anaisoma nywila mpya ya Wi-Fi na kuwagawia wenzake. Kwa hiyo tunaanzia hapo.

1. Geuza ruta usome kibandiko. Kuna anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Iandike kwenye brauza, ikiwezekana kompyuta iwe kwenye waya.

2. Badili nywila ya admin kabla ya kugusa kingine chochote. Isifanane na ya Wi-Fi. Iandike daftarini, si kwenye karatasi ya kubandika ukutani.

3. Aina ya ulinzi (namna ruta inavyoficha mawasiliano yako): chagua WPA3, au WPA2 yenye AES. Ukikuta WEP, ule ulinzi wa zamani, iondoe leo hii. Udhaifu wake unajulikana tangu 2001, na kuivunja ni kazi ya dakika chache.

4. Nywila ya Wi-Fi: ruta inakubali kuanzia herufi 8, lakini nenda 16 na zaidi. Maneno manne yasiyohusiana yanatosha na hayasahauliki. Namba ya simu usiweke kabisa, jirani anayo.

5. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika nywila. PIN yake ina tarakimu 8 lakini ruta huihakiki vipande viwili, hivyo majaribio 11,000 yanaimaliza.

6. Wageni wafungulie mtandao wao, kisha sasisha programu ya ruta.

Swali: Mkuu, nikificha jina la Wi-Fi si inatosha?
Jibu: Hapana ndugu. Simu yako ikiitafuta inalitaja jina hilo hewani, na mwenye programu ya kusikiliza analipata.

Swali: Nimesahau nywila ya admin, nifanyeje?
Jibu: Nyuma kuna kitundu kidogo cha riseti, yaani cha kuirudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Ingiza pini, shikilia kama sekunde 10 mpaka taa zibadilike. Ila kwanza mpigie anayekuuzia intaneti, muulize kama laini yako ina jina na nywila za kuunganishia. Ukiriseti bila kuwa nazo, Wi-Fi itawaka na intaneti hutaiona.

Swali: Ruta yangu haina WPA3.
Jibu: Baki na WPA2 AES, nywila iwe ndefu.