Asubuhi darasani, mchana mjini: kutembea Berlin huku ukijifunza Kijerumani

Kozi nyingi za Kijerumani za kila siku mjini Berlin ni za asubuhi. Unaingia saa tatu, saa saba mchana umeshatoka, kichwa kimejaa der, die na das. Wengi wetu tukitoka hapo tunarudi chumbani, tunasonga ugali, tunafungua simu, na jioni nzima inaishia kwa Kiswahili na Kiingereza. Miezi inakatika, mtihani wa B1, yaani kiwango cha kati, unakaribia, na mtu bado anaogopa kumuuliza mpita njia kituo kiko wapi. Kwa hiyo ndugu yangu unayekuja kusoma lugha hapa, uhesabu mchana kuwa nusu ya pili ya kozi. Ya asubuhi umeilipia ada. Ya mchana, mahali pengi, ni bure.

Anza na usafiri, maana hata mwanafunzi wa A1, anayeanza kabisa, anaweza kusikiliza matangazo ya treni. Jina la kituo, upande wa kushukia, „Zurückbleiben, bitte" (tafadhali kaa nyuma) kabla milango haijafungwa: yanarudiwa kila kituo, kwa sauti ileile, mpaka yakuingie. Toa spika masikioni, usikilize. Tiketi ya kanda AB, yaani ya jiji lenyewe, inatosha karibu kila mahali ninapopataja hapa. Ukinunua ya karatasi kwenye mashine, igonge muhuri kwenye kile kisanduku cha kituoni kabla ya kupanda. Isiyogongwa inahesabika kama huna tiketi, na faini ni euro 60. Anayekaa miezi mingi achukue Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma nchi nzima, ambayo tangu Januari 2026 ni euro 63 kwa mwezi. Ni mkataba unaojiendeleza wenyewe, kwa hiyo ukitaka kuuvunja toa taarifa kabla ya tarehe 10 ya mwezi.

Wiki ya kwanza usihangaike na mabasi ya watalii. Basi namba 100 la kawaida linatoka Zoologischer Garten hadi Alexanderplatz, na njiani linapita jirani na jengo la bunge, lango la Brandenburg na barabara ya Unter den Linden. Panda ghorofa ya juu, ukae mbele. Ukifika mwisho utakuwa umeshaujua uso wa jiji, na mnara wa televisheni wenye mita 368 utakuonyesha ulipo hata ukipotea.

Baada ya hapo, chagua mahali kulingana na somo mnalofanya darasani. Mkiwa kwenye namba na bei, nenda soko la Maybachufer, Jumanne au Ijumaa. Wauzaji wengi wana asili ya Uturuki, wanaita wateja kwa sauti kama Kariakoo, na hawana muda wa kukubadilishia lugha. Omba nusu kilo ya nyanya, uliza bei, sikia „Sonst noch etwas?" (kingine tena?) na ujibu. Mazungumzo ya dakika mbili sokoni yana faida kuliko ukurasa mzima wa mazoezi ya kujaza nafasi.

Lakini safari ambayo ningemshika mkono kila Mtanzania na kumpeleka ni ya treni ya U6. Shuka kituo cha Naturkundemuseum. Ndani ya makumbusho hayo ya viumbe umesimama mfupa kwa mfupa mjusi mkubwa wa kale, Giraffatitan, mwenye kimo cha mita 13.27. Ndiye dinosaria mrefu kuliko wote waliosimamishwa katika makumbusho duniani, na ni wa kwetu. Alichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, katika msafara wa Wajerumani wa 1909 hadi 1913. Mamia ya watu wa kusini walichimba, na wapagazi wakabeba tani zaidi ya 200 za mifupa na mawe kwa vichwa na mabega mpaka bandari ya Lindi. Miaka michache tu kabla ya hapo nchi hiyohiyo ilikuwa imeunguzwa na vita vya Maji Maji. Soma vibao kwa Kijerumani kwanza, vya Kiingereza baadaye, na uandike maneno matano tu ya kwenda nayo nyumbani. Ukitaka kuandika hamsini hutayarudia hata moja. Onyesha kitambulisho cha mwanafunzi, na uulize kama cha shule ya lugha kinakubaliwa kwa punguzo. Swali lenyewe ni zoezi.

Kisha rudi kwenye U6 hiyohiyo, uelekee kaskazini mpaka Rehberge au Afrikanische Straße. Hapo ni Wedding, katika mtaa unaoitwa Afrikanisches Viertel, yaani Mtaa wa Kiafrika, na utatembea kwenye vibao vya Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße na Kongostraße. Majina hayo hayakuwekwa kwa mapenzi. Yalianza 1899, enzi ambayo Ujerumani ilikuwa ikijigamba na makoloni yake. Barabara mojawapo ilipewa mwaka 1939 jina la Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mashirika ya Waafrika na Wajerumani weusi yalipigania kwa miaka mingi liondolewe, na Agosti 2024 sehemu ya barabara hiyo ikawa Maji-Maji-Allee. Simama chini ya kibao hicho. Kama unatoka Songea au Kilwa, sina haja ya kukueleza utakachokisikia. Jirani na hapo, Müllerstraße, yapo maduka ya vyakula vya Kiafrika, basi na mihogo utapata.

Upande wa Neukölln, karibu na kituo cha Hermannplatz, iko Lucy-Lameck-Straße. Mpaka 2021 iliitwa kwa jina la Hermann von Wissmann, aliyelizima jeshi la Abushiri pwani yetu. Sasa inabeba jina la binti wa Kilimanjaro, mwanasiasa wa TANU aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza bungeni na serikalini.

Mkifika kwenye wakati uliopita, A2 hivi, kiwango kinachofuata A1, anza kutazama chini unapotembea. Kwenye njia za miguu utaona vijiwe vya shaba vya sentimita 10 kwa 10, vinaitwa Stolpersteine. Kila kimoja kina jina la mtu aliyeteswa na Wanazi, kimewekwa mbele ya nyumba aliyoishi. Maandishi yake ni mafupi mno: hier wohnte (hapa aliishi), Jahrgang (mwaka wa kuzaliwa), verhaftet (alikamatwa), ermordet (aliuawa). Mwanafunzi wa A2 anayasoma bila kamusi.

Kimojawapo kiko Brunnenstraße 193, dakika chache kutoka kituo cha Rosenthaler Platz. Ni cha Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Alikuwa mtoto alipoingizwa katika jeshi la Wajerumani kwenye Vita vya Kwanza, akaja Berlin 1929, akafanya kazi ya uhudumu, akaigiza filamu, na akafundisha Kiswahili kwenye chuo kikuu cha jiji hili. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu. Alifia kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Kaa pale kidogo, umuombee kwa dini yako. Halafu uifuate Brunnenstraße kwa miguu kuelekea kaskazini mpaka Bernauer Straße, ambako kumebaki kipande cha Ukuta uliosimama kuanzia 1961 hadi 1989. Makumbusho ya hapo hayana kiingilio, na vibao vya nje vinasomeka hata jua likishazama. Sachsenhausen yenyewe iko Oranienburg, nje ya kanda AB, kwa hiyo chukua tiketi ya ABC. Nako hakuna kiingilio. Usiende peke yako, na usipange kitu kingine siku hiyo.

Kuba la kioo la bunge, Reichstag, ni bure lakini lazima ujiandikishe mapema kwa intaneti na ubebe pasipoti. Angalia saa kwa makini: ukiambiwa halb drei maana yake ni saa nane na nusu mchana, si saa tisa na nusu, na wanaochelewa huachwa. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, yenye nguzo 2,711 za zege, na ukiendelea hadi Wilhelmstraße 92 utakuta kibao kinachoonyesha mahali ulipofanyika Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885.

Jumapili maduka yanafungwa, kwa hiyo nunua chakula Jumamosi na uiache Jumapili kwa matembezi. Jumatatu makumbusho mengi hayafunguliwi, na Humboldt Forum hufunga Jumanne. Pergamon, ambayo kila kitabu cha watalii kinaisifia, imefungwa kwa ukarabati mkubwa tangu Oktoba 2023, usipoteze nauli. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, basi sehemu za nje kama Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege wa zamani ambao sasa ni bustani ya watu wote, zimalize majira ya joto.

Tatizo utakalokutana nalo kila mahali ni kwamba ukikwama kidogo, Mberlin anahamia Kiingereza. Anadhani anakusaidia. Mwambie kwa upole: „Ich lerne Deutsch. Können wir bitte Deutsch sprechen?" (Ninajifunza Kijerumani. Tunaweza kuongea Kijerumani tafadhali?) Wengi hufurahi na kupunguza kasi. Tumia Sie, „wewe" ya heshima, kwa usiyemjua, hasa mtu mzima, kama ambavyo kwetu usingemkosea mzee shikamoo.

Na usitembee peke yako siku zote. Chuo kikuu cha Humboldt kinafundisha Kiswahili hadi leo, na wanafunzi wake wanahitaji mtu wa kuongea naye kama unavyomhitaji wewe. Bandika tangazo kwenye ubao wa idara yao ya masomo ya Asia na Afrika: saa moja kwa Kiswahili, saa moja kwa Kijerumani, mkitembea Wedding au mkikaa sokoni. Utaje kiwango chako na siku ulizo huru.