Kabla ya kupimwa vidonda vya tumbo

Kampala hii mtu akiungulia siku mbili tu, tayari "ana alsa", na kabla hajamwona daktari amekwisha kupita duka la dawa na kumeza omeprazoli. Ukikusudia kupimwa, anzia hapo.

Seli za ukuta wa tumbo hutoa asidi kali ya hidrokloriki. Jirani zao hutoa pepsinojeni, ambayo ikikutana na asidi hiyo hugeuka pepsini na kuanza kukatakata protini za nyama na maharage. Kwa siku humiminika takriban lita 2 za majimaji hayo. Omeprazoli hufunga pampu za asidi, na bakteria Helicobacter pylori, wanaosababisha vidonda vingi vya tumbo, hupungua bila kufa wote. Kipimo cha kinyesi au cha pumzi kitasema huna, kumbe unao. Basi omeprazoli iache wiki 2 kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki 4, baada ya kukubaliana na daktari. Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asihesabu wiki: aende hospitali leo hii.

Mbona tumbo halijimeng'enyi lenyewe? Limetandikwa ute mzito wenye baikaboneti, inayozima asidi kabla haijazigusa seli, na seli za juu hubadilishwa kila baada ya siku chache. Vinavyochochea ute huo ni prostaglandini, na diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzipunguza. Kwa hiyo andika kila kidonge ulichomeza kwa ajili ya mgongo au goti, hata kile ulichofungiwa kwenye karatasi bila jina. Kwangu mimi orodha hiyo ina uzito kuliko maswali yote ya pilipili. Ila aspirini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache kwa uamuzi wako.

Kama ni endoskopi, yaani kamera inayopitishwa kinywani hadi tumboni, usile kwa muda wa saa 6 hadi 8 kabla, kwa sababu chakula huziba kamera na kinaweza kukupalia. Chai ya maziwa nayo ni chakula. Anayetoka Busia akifika Namawojjolo, kituo cha vyakula njiani, awaache wale kuku wa kuchoma, ingawa najua harufu yake. Ukichomwa sindano ya usingizi, uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani. Boda peke yako, hapana.

Ukishatibiwa, rudia kipimo cha kinyesi au pumzi angalau wiki 4 baada ya dozi kuisha. Cha damu ukiuziwa kikatae: huweza kubaki chanya muda mrefu baada ya bakteria kuondoka.