Mnataka kubadilisha tovuti ya klabu yenu ya chuo? Anzeni na mwaka wa kwanza

Kabla hujagusa rangi wala logo, nenda pale nje ya kafteria, mtafute mwaka wa kwanza asiyeijua klabu yenu, mwombe afungue tovuti kwenye simu yake (bando mrudishie, ni haki yake), halafu mwambie "hebu jaribu kujiunga", kisha nyamaza. Kunyamaza ndo kazi kwelikweli maana mkono utakuwasha umwelekeze. Mimi ni katibu wa klabu ya kupanda milima huku Morogoro, na siku nilipofanya hivi dada wa watu alishuka akapita picha ya viongozi waliomaliza zamani, akapita neno la mwenyekiti, akapita dira na dhamira, akapita logo za wadhamini, kufika chini kabisa akaniuliza, "Kaka, sasa hapa nabonyeza wapi?" Hapakuwa na pa kubonyeza. Iliniuma sana, kwa sababu yule dada alikuwa anataka kweli kwenda mlimani.

Kwa hiyo juu kabisa, sehemu anayoiona kabla hajasogeza kidole, weka majibu ya mnakutana lini, wapi, na yeye anaingiaje. Basi. Sisi sasa hivi inasomeka hivi: "Jumamosi hii tunapanda Morningside. Tunakutana geti kubwa saa 12 asubuhi. Beba maji lita 2 na raba zisizoteleza." Chini yake kitufe kimoja kikubwa, "Nataka kwenda". Dira na dhamira zipo, ila zimehamia ukurasa wa Kuhusu sisi, anayezitaka atazifuata.

Halafu kuna yale maswali ambayo mtu anaona aibu kuuliza. Nauli sh ngapi, lazima niwe na buti, nikichoka njiani mtaniacha, wasichana mnaenda wangapi, ada ya klabu inalipwa mara moja au kila safari? Yajibu yote kwa lugha ya kawaida, na kwenye hela andika kiasi chenyewe, usiandike "ada nafuu", maana nafuu yako siyo nafuu ya mtu anayesubiri boom (hela ya mkopo wa chuo).

Picha nazo. Ile ya watu 40 wamepanga mstari mbele ya basi haimwambii mgeni kitu, tafuta ya mtu kakaa kwenye jiwe anahema huku anacheka, mwenzake anamkatia kipande cha muhogo, hapo mgeni anajiona na yeye yupo. Ila picha ikitoka kwenye simu inaweza kuwa MB 4 na zaidi, ukiweka 10 hivyo hivyo umemla mtu bando kabla hajasoma neno. Ipitishe Squoosh, ni ya bure na inafanya kazi humo humo kwenye brauza, punguza upana uwe pikseli 1200 na uzito usizidi KB 200, kisha upime kasi ya ukurasa kwa PageSpeed Insights ya Google ukiangalia matokeo ya simu, siyo ya kompyuta. Na waliomo kwenye picha waombe ruhusa kwanza, tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022 na hata isingekuwepo ni ustaarabu tu.

Linki ya grupu la WhatsApp usiibandike wazi kwenye tovuti. Matapeli wataingia, admini ataiweka upya, ile ya zamani inakufa na kitufe chako kinampeleka mtu pasipo na kitu. Tumia Google Forms, uliza jina, namba na mwaka wa masomo, yatosha, na mtu mmoja awe na zamu ya kuwajibu siku hiyo hiyo, kwa sababu mtu akijaza Jumatatu mkamjibu wiki inayofuata keshajiunga na kwaya.

Kuhusu pa kuiweka, GitHub Pages ni bure na nyepesi, ila jiulize katibu ajaye anajua kuandika kodi za kompyuta? Kama hajui, tumia Google Sites au WordPress, hata kama wewe unaona ni ya kitoto, kwani tovuti inayokufa ukimaliza chuo haijawasaidia wadogo zako. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya klabu, na ile namba ya uthibitisho isiende kwenye laini ya mtu ambaye mwakani atakuwa kazini Mbeya. Siku ya makabidhiano usimwachie karatasi ya paswedi tu, mwambie abadilishe mwenyewe tarehe ya safari inayofuata, pale pale, kwa simu yake, na wewe ukae pembeni kimya kama ulivyokaa pale kafteria.