Somo: Hotuba ya vita ya Novemba 1978 ilitaka kumshawishi nani?

Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978 wanafunzi wengi huku Mtwara na Lindi wanaikariri. Ukiwauliza nia yake: "Kutangaza vita." Hilo ni tendo. Nia ya kushawishi ni kile msemaji anachotaka kibadilike kichwani mwa msikilizaji.

Hatua ya 1. Mazingira, mistari miwili inatosha. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, naye akatangaza kuwa ardhi ya kaskazini mwa mto Kagera ni ya Uganda.

Hatua ya 2. Wataje wasikilizaji. Mtu wa Kyaka hana haja ya kushawishiwa, vita viko mlangoni kwake. Mkulima wa korosho wa Newala, pembe ya pili ya nchi, anasikia redioni tu. Mpime huyo. Wapo pia marafiki wa nje waliohimiza suluhu.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi: soma sarufi. "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo." Kiambishi -m- kinalenga mtu mmoja; hakusema "kuwapiga", kwa hiyo Waganda hawamo. Tu- imemwingiza mtu wa Newala vitani bila kumuuliza. Tena nomino imetangulia: "tuna uwezo" ni taarifa, "uwezo tunao" ni jibu kwa mwenye shaka. Tafuta shaka zenyewe: Tutaweza? Kisa nini? Tumedhamiria kweli?

Hatua ya 4. Andika sentensi moja: nani, aache kuamini nini, akubali kufanya nini.

MASWALI

Masasi: Shikamoo mwalimu. Nikitaja takriri sipati alama?
– Marahaba. Ya kutaja utapata, ya kufafanua hutapata. Sema "kumpiga" inayorudiwa inafunga mlango wa suluhu.

Kilwa: Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979. Si ushahidi kwamba hotuba ilifaulu?
– Ni ushahidi wa jeshi. Nia isome kwa yaliyojulikana siku ile ya Novemba.

Nachingwea: Hatua hizi zinafaa kwa hotuba ya Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, ya Juni 4, 1940?
– Zinafaa, ila hatua ya 3 ifanyie kwenye Kiingereza chake. Tafsiri itakuletea viambishi ambavyo yeye hakuvichagua. Askari zaidi ya 330,000 wametolewa Dunkirk, pwani ya Ufaransa, watu wanashangilia, naye anawaonya kuwa kuokoa majeshi si kushinda vita. Mwishoni anataja Dunia Mpya: hapo anasema na Marekani, ambayo ilikuwa bado haijaingia vitani.