Somo: Jinsi ya kuachana na mkusanyiko wa sanamu za minara ya taa (someni kabla ya kuuliza)

Habari zenu wakuu. Tangu niliposema kwamba nagawa minara yangu, ujumbe ninaopata ni ule ule: mama ulianzia wapi, ulimpa nani, ulipakije hadi vikafika Dar vizima, na mimi nina vya marehemu baba nifanyeje. Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka. Somo ni hili, na atakayeuliza jambo lililokwisha kuandikwa nitamrudisha juu akasome.

Kwa wasionijua, niko Kigoma mjini. Nilifanya kazi ofisi za bandarini hadi kustaafu, na miaka yote hiyo nilikuwa nakusanya sanamu ndogo za minara ile inayojengwa pwani kuonyesha meli njia. Nyingine walinipa mafundi na mabaharia wa kigeni waliopita hapa kikazi, nyingine nilizichambua kwenye vyombo vya mitumba soko la Mwanga, na chache nilichongewa hapa hapa kwa mninga kutoka kwenye picha. Aliyekulia huku akitazama taa za wavuvi wa dagaa zilivyotanda ziwani usiku wa giza, enzi za karabai mpaka sasa hizi taa za sola, hawezi kuniuliza kwa nini napenda mnara wa taa. Nimeamua kuziachia nikiwa bado na macho na kumbukumbu za kueleza kila moja. Sanamu ikifika kwa mtu bila maelezo yake, amepewa kazi ya kufuta vumbi tu.

Hatua ya 1. Waambie wa nyumbani kabla hujatoa hata moja.

Hatua ya 2. Andaa meza kubwa iliyotandikwa blanketi, kauntabuku, penseli, uzi na simu yenye kamera.

Hatua ya 3. Piga picha kabati lilivyo. Usiguse kitu bado.

Hapa ndipo mikusanyiko mingi inapofia. Mtu anadhani anakumbuka kila sanamu ilikotoka. Ukweli ni kwamba anakumbuka kwa msaada wa rafu: hii ya kona ya juu aliniletea yule fundi mitambo, iliyo ubavuni mwake niliinunua mwezi ule ule, zile za mbele nilipewa siku ya kuagwa kazini. Ukizishusha zote na kuzilundika kwenye beseni, uzi umekatika. Jirani yangu mmoja mzee alikuwa na vikombe vyenye nembo za meli. Wanawe walikuja likizo, wakamsaidia kwa nia njema kabisa: wakashusha vyote, wakaosha, wakavipanga kwa ukubwa. Vilimeta kweli. Mzee akakaa mbele ya meza asiweze kusema kipi alipewa na nani, na vikatoka nyumba ile vikiwa vikombe basi.

Kwa hiyo anza na picha ya kabati zima, kisha ya kila rafu. Halafu toa sanamu MOJA, ipige picha mbele, nyuma na kitakoni, ifunge kikaratasi chenye namba kwa uzi, andika namba hiyo kwenye daftari: nani alitoa, wapi, mwaka kama unaujua, ni mnara gani, na nyufa zilizopo. Ndipo uende ya pili. Kama kuna jambo hulikumbuki, acha nafasi wazi, usitunge. Mara nyingi linakuja usiku ukiwa umelala, uamke uandike.

Maonyo ya hatua hii nayaandika kwa herufi kubwa kwa sababu watu wanayapita: USIANDIKE NAMBA KITAKONI KWA KALAMU YA WINO. Plasta (ile jasi nyeupe iliyofinyangwa) na kauri isiyong'arishwa hunywa wino, na hautoki tena. USIBANDIKE SELOTEPU kwenye rangi ya dhahabu, itaondoka nayo. USIBANDUE kile kitambaa cha chini ili kutafuta jina la mtengenezaji. Kikichanika umeharibu, na pengine chini yake hamna kitu. Na kijana wa nyumbani asipitishe kitambaa kabatini siku hizo, hata kama ni Jumamosi ya usafi.

Hatua ya 4. Safisha, kila moja kwa namna yake. Kauri iliyong'arishwa huvumilia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ila pale penye dhahabu usisugue. Rezini, ile inayofanana na plastiki ngumu, iliyopakwa rangi ifute kwa brashi laini kavu. Palipogandamana tumia kitambaa chenye unyevu, na usipeleke spiriti karibu yake maana inatoa rangi. Plasta isione maji kabisa. Mbao ni brashi kavu. Zile zenye taa ndani, toa betri leo hii, usingoje. Betri za alkalini zikivuja huacha unga mweupe kwenye vyuma: vaa glavu, chovya pamba ya masikio kwenye siki, futa, kausha vizuri.

Hatua ya 5. Jua ulichonacho. Angalia kitakoni. Minara ya kampuni ya Harbour Lights, iliyoanza kutoka 1991, ina namba ya toleo, na cheti chake kikiwepo kiende nayo pamoja na boksi. Utakuta pia za Lefton, kampuni ya Chicago. Namba isikutie tamaa, matoleo mengi ya miaka ya 1990 yalitolewa kwa maelfu, na waliokusanya wakati ule nao sasa ni wazee wanaopunguza vitu. Ukisikia mtu anakutajia mamilioni, muulize kama yeye mwenyewe yuko tayari kutoa.

Hatua ya 6. Tenga mafungu. La kwanza ni la watu: kila sanamu iliyo na mtu wake, mtoto wa aliyekupa, mwenzako wa kazi, mjukuu aliyekuwa akiiomba tangu mdogo. La pili ni la mahali, kama darasa la jiografia au maktaba ya shule. Ukifikiria makumbusho, nenda kauliza kwanza na uwe na sababu. Makumbusho ya Ujiji yanasimulia habari za Livingstone, aliyekutwa pale na Stanley mwaka 1871. Mnara wa Marekani hauna la kusema mle. Kilichobaki ndicho cha kuuza. Usianze na fungu la kuuza. Ukianza na bei, kila sanamu utaitazama kwa bei, na utajikuta unamwonea choyo mjukuu wako.

Hatua ya 7. Paki. Kila mnara ufungwe peke yake, kwanza karatasi nyeupe au kipande cha khanga iliyochakaa, ndipo gazeti juu. Gazeti lisiguse sanamu, wino wake unahama. Ncha ya juu ndiyo inayovunjika, ijazie pamba pembeni mpaka ilingane unene na mwili. Boksi liingie ndani ya boksi jingine. Tikisa: ukisikia kitu kinacheza, fungua upange upya. Kama ni treni au basi, kaa nalo mwenyewe miguuni.

Hatua ya 8. Kabidhi mkononi, pamoja na nakala ya ukurasa wake kutoka kwenye daftari, na umsomee.

---

Maswali

Fundi Simu Gungu: Jumla bei gani? Natuma kijana kesho na bajaji achukue zote.

Jibu: Rudi hatua ya 6.

Fundi Simu Gungu: Nimesoma mama, nataka tu bei ya jumla.

Jibu: Hakuna bei ya jumla kwa sababu hakuna jumla. Nyingi zimeshakwenda kwa watu wake.

Binti wa Katonga: Shikamoo mama. Nafundisha jiografia sekondari. Nimeona kwenye picha zako minara mingine ina mistari ya kuzunguka, mingine ya mlalo, mingine vipande kama vile vya uru kwenye karata. Ni urembo wa mtengenezaji au iko hivyo kweli?

Jibu: Marahaba mwanangu, swali hili nimelingoja. Iko hivyo kweli, na si urembo. Usiku baharia anautambua mnara kwa namna taa yake inavyomulika na kuzima. Mchana taa haimsaidii, kwa hiyo mnara unapakwa rangi ya kwake peke yake ili ajue yuko mbele ya pwani ipi. Pwani ya North Carolina kule Marekani ni bapa, mchanga mtupu, hakuna mlima wa kukuonyesha ulipo kama sisi tunavyoonyeshwa na vilima. Cape Lookout wa 1859 una vipande vya pembe nne vyeusi na vyeupe, Cape Hatteras wa 1870 una mistari inayopanda kwa kuzunguka, Bodie Island wa 1872 una mikanda ya mlalo. Nahodha akiona tu anajua. Huo Hatteras walikuja kuuhamisha mzima mzima mwaka 1999, kiasi cha mita 880 kutoka ulipokuwa, kwa sababu bahari ilikuwa inaula ufuko. Mchongaji wangu wa hapa aliichora ile mistari kwa chuma cha moto juu ya mninga, na hiyo ndiyo sanamu niliyoipenda kuliko zote.

Binti wa Katonga: Asante sana mama. Na taa ndogo ya mafuta enzi hizo ilionekanaje mbali namna ile?

Jibu: Kwa kioo. Mfaransa Augustin Fresnel alibuni lenzi iliyoundwa kwa pete za vioo, zinazokusanya mwanga unaotawanyika juu na chini na kuutuma mbele ukiwa mwali mmoja. Ya kwanza iliwashwa mnara wa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823. Moja ya sanamu zangu za kauri ina pete hizo zimechorwa vizuri sana. Utakwenda nayo darasani kwako, wanafunzi waishike. Njoo nyumbani tuongee, na daftari lake utalipata.

Mwanakigoma Halisi: Mama kwa heshima zote, haya mambo ya minara ya Wazungu yanatuhusu nini watu wa ziwa? Ungekusanya vya kwetu.

Jibu: Umesoma aya ya pili? Na nani kakwambia minara ni ya Wazungu peke yao? Pale kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, umesimama mnara uliojengwa 1904, na majahazi ya watu wetu yamepita chini yake miaka yote hiyo. Hata meli ya MV Liemba unayojivunia ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma. Husemi haituhusu. Mimi nimekusanya nilichokipenda kwa mshahara wangu halali.

Mwanakigoma Halisi: Nimekuelewa mama, samahani.

Jibu: Haya, yameisha.

Salma K: Nimeloweka yangu usiku kucha kwenye ndoo ya sabuni ya unga, imevimba na kumeguka. Tatizo nini?

Jibu: Ni plasta. Hatua ya 4, sentensi inayosema isione maji kabisa. Iache ikauke kivulini siku kadhaa, usiibonyeze, vipande vilivyomeguka viweke kwenye bahasha.

Mjukuu wa Unyanyembe: Niko Tabora. Babu alituachia sanamu za mbao, minara na meli. Sasa zinadondosha unga wa njano na zina matundu madogo. Nipulize dawa ya mbu?

Jibu: Pole, hao ni bungua. Usipulize, dawa itaishia juu na kuchafua mbao, na wadudu wako ndani. Zitenge leo na vitu vingine vya mbao. Funga kila moja kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, uziweke kwenye friza kali wiki mbili. Baada ya hapo ziache ndani ya mfuko ule ule mpaka zizoee joto, la sivyo umande utazilowesha. Kisha ziweke juu ya karatasi nyeupe: unga mpya ukionekana baada ya majuma machache, rudia. Ila kama zina vipande vya pembe au zimepakwa rangi nene, usigandishe, nipigie picha kwanza. Babu aliziandikia chochote?

Mjukuu wa Unyanyembe: Hapana. Ila bibi yupo, anakumbuka.

Jibu: Basi acha mambo ya friza kwa kesho. Leo kaa na bibi, washa simu irekodi sauti, mshikishe moja moja. Usimuulize "hii ni nini", muulize "hii ilifika lini nyumbani". Utapata mengi zaidi.

Baba Neema: Mimi watoto wangu wamesema wazi ni takataka. Inaniuma. Niwalazimishe?

Jibu: Usiwalazimishe kaka yangu. Mwanangu mkubwa naye hakutaka hata mmoja, na bado ananipenda. Mpe anayetaka, hata kama si damu yako. Mmoja wangu ulikwenda kwa binti wa fundi pikipiki aliyekuwa akisimama dirishani kuutazama. Wewe piga tu picha na kuandika, daftari waachie wao. Huenda siku moja wakataka kusoma hata kama sanamu hawakuzitaka.

Dereva wa Kasulu: Naongezea kwenye kupaki. Sisi tunaobeba vioo tunasimamisha, hatulazi. Mnara ukilala, kila shimo la barabara linapiga kiunoni.

Jibu: Asante, hilo ni la kweli na nimelisahau. Wasimamishe, na mshale wa juu uandikwe pande zote nne za boksi.

Salma K: Maboksi yenyewe yenye vyeti nayaweka wapi? Stoo ina mchwa.

Jibu: Juu ya rafu ya chuma au matofali, sentimita kadhaa kutoka ukutani ili uone njia yao wakianza kupanda. Vyeti vitoe humo, viweke kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la bati. Na hilo boksi likishaliwa usilitupe kabla hujakata upande wenye maandishi, lile jina na mwaka bado vina kazi.